Mshika Daftari

Leo wamempa saa ya ukutani na shada la waridi,
mwenyekiti wa bodi akakosea mwaka aliojiunga,
na mimi Mbeyu, niliyempigia chapa barua miaka ishirini na sita,
nimebaki kufunga makabati.

Fathiya Shale, Afisa Mkuu Mtendaji:
jina limechongwa kwa shaba mlangoni.
Fundi wa Mwembe Tayari anakuja kesho na bisibisi.

Alizaliwa Kuze, chumba cha nyuma,
mama yake akishika upatu wa wanawake kumi na wawili:
wauza mahamri, mshona kofia, mjane wa karani wa reli,
shilingi ishirini kila Ijumaa baada ya alasiri.
Mama hakujua kusoma, alichora.
Ufunguo ni Bi Mwanamkuu. Samaki ni Bi Rehema, yule mdeni.
Juu ya mkeka ule binti alijua hesabu
kabla hajaambiwa kuwa hesabu ina shule:
nani ametoa, nani kachelewa,
nani asogezewe wiki, mwanawe yumo wodini Makadara.

Benki aliingia na viatu vya kuazima,
dirisha la tatu, Barabara ya Nkrumah.
Kisha mikopo. Kisha hati fungani. Kisha London miaka miwili,
aliyorudi nayo koti lisilo na kazi Mombasa
na kimya kipya katikati ya maneno.
Wanaume wa bodi walimwita "binti yetu"
hadi siku alipowasomea mizania yao bila karatasi,
tarakimu kwa tarakimu,
na lile shimo akaliweka mwisho,
kama mwiba wa samaki kando ya sahani.

Mjomba wake hakula biriani yake hata Idi moja.
"Wali huu," alisema, "umeungwa kwa riba."
Fathiya alicheka, akamfungia muhogo wa nazi
ulionunuliwa kwa pesa ya dada yake.
Jioni ile alikaa ofisini mpaka saa nne, taa moja.

Ghorofa ya saba aliisoma bandari
kama daktari asomavyo ulimi:
winchi ngapi zimesimama, meli gani imekaa sana.
Akaunganisha kampuni, akatenga kampuni,
akauza maghala ya Shimanzi kwa watu wa Dubai.

Orodha niliipiga chapa mimi.
Majina mia na themanini. La arobaini na moja:
Ngowa Tsuma, mpima mizani.
Kalamu yake ilishuka, ikasimama.
"Mbeyu, huyu ni wenu?"
"Ni wetu. Tumbo moja."
Kiyoyozi kilinguruma.
Akatia sahihi. Haikutetemeka;
nimeitazama mara nyingi kwenye nakala.

Tangu siku ile chai yake haikutiwa sukari,
na karo ya watoto wa Ngowa ililipwa miaka minne
na mtu ambaye shule haikumjua.
Ngowa hajui. Nikimwambia atazirudisha, na hana.
Mwaka ule gawio lilipanda.
Bahasha ya marupurupu yake niliifunga kwa mate yangu,
nene, ikakataa kulala.

Sasa, droo ya chini, chini ya pasipoti za zamani:
daftari la mama, jalada limeliwa na mende.
Ufunguo. Samaki. Cherehani.
Na kila mzunguko, zamu ya kumi na mbili,
kidaftari kidogo kimechorwa ndani ya daftari: yeye mwenyewe.
Aliwahi kuniambia, umeme ulipokatika nasi tuko kwenye lifti:
"Mama akisema, mshika daftari hula mwisho,
asije akaambiwa kala cha watu."
Halafu umeme ukarudi, hakuendelea.

Nimemkimbilia nalo hadi garini.
Alifungua katikati, akaweka kidole juu ya samaki.
"Mbeyu, mama angenichora nini mimi?"

Dereva alikuwa amewasha gari.
Nikamwambia mvua inakuja,
apandishe kioo.